Kalamu Nayo Ina Jina, Kama Leso

Hapa Kikopey, karibu na Gilgil, mtu hanunui nyama kwa kuonyeshwa picha. Unashuka garini, unasimama mbele ya bucha, unawatazama mbuzi waliotundikwa, unauliza huyu kachinjwa lini, unautafuta muhuri wa daktari wa mifugo pajani, ndipo unasema, "Nikatie kilo mbili, mbavuni." Mizani nayo husomwa na watu wawili. Ndiyo maana nilishangaa siku ile kijana niliyemfundisha Kiswahili zamani, aliyekuwa amenialika mbuzi choma, alipotoa kisanduku chekundu kwenye mkoba na kuniuliza swali moja tu: "Mwalimu, hii naweza kuuza pesa ngapi?"

Ndani mlikuwa na kalamu ya wino. Mwili wake ulikuwa mweusi wa kung'aa, na kutoka chini hadi kwenye kifuniko alipanda samaki wa dhahabu akipambana na maporomoko ya maji, mapezi yametanuka, jicho lake kipande cha kombe kisichozidi mbegu ya ufuta. Kijana alikuwa amefanya kazi ya upimaji wa barabara kwa miaka mitatu na kampuni moja ya Kichina. Mkubwa wake alipokuwa anarudi kwao alimkabidhi kisanduku hicho kwa mikono miwili, akainama kidogo, akaondoka. Sasa kijana alikuwa na mawazo mawili: aiuze, au aipeleke kwa baba mkwe siku ya posa, maana mzee huyo amestaafu ukarani na bado anapenda kalamu na faili. Huku akinieleza hayo, alichomoa tishu iliyokuwa mezani, yenye vumbi la barabara, ili afute alama za vidole. Nilimshika mkono kabla tishu haijagusa kalamu. Sababu nitaieleza mbele, kwa kuwa inahusu vumbi la hapa kwetu.

Tangu siku hiyo nimeulizwa maswali ya namna hiyo mara kadhaa. Wengine wamepewa zawadi kazini, wengine wameziona kwenye simu zao, kalamu zenye majoka na korongo na maua, bei zikianzia nauli ya matatu hadi Nakuru na kuishia bei ya shamba. Mimi si muuzaji. Ni mwalimu mstaafu mwenye kalamu kumi na moja, na katika hizo ni mbili tu zenye laka ya kweli. Moja niliiharibu mwenyewe. Kwa hiyo yachukulie haya kama ushauri wa mtu aliyekwisha kulipa karo.

Tuanze na laka, maana neno lenyewe linadanganya. Seremala wa Gilgil akikwambia kochi limepigwa laka, anazungumzia kemikali ya kwenye debe, inayopulizwa na kukauka kabla hujamaliza chai. Lakiri, ile nta nyekundu ya kupigia muhuri barua, kwa asili yake ilitokana na utomvu wa wadudu wa India. Laka ya Wachina na Wajapani si hii wala ile. Ni utomvu wa mti, na mti huo ni wa ukoo mmoja na mwembe na mkorosho. Aliyewahi kubangua korosho mbichi Kilifi au Mtwara anajua jinsi mafuta ya ganda yanavyobabua vidole. Utomvu wa mti wa laka huwasha vivyo hivyo, na mafundi wapya huvimba mikono na uso kabla miili yao haijazoea. Ukishakauka kabisa hauna neno. Lakini kama wewe ngozi yako hukataa hata ganda la embe, usiiweke kifuani kalamu iliyotoka kwa fundi juzi.

Mti hugemwa kama tunavyogema mnazi, ila hapa kisu huchora mistari kwenye gome. Mti wa miaka kumi hadi kumi na mitano hutoa utomvu wa gramu 200 hivi kwa msimu mzima, kiasi cha kikombe cha chai, na Japani kwa desturi huukata baada ya hapo. Kisha linakuja jambo ambalo huwashangaza wengi: laka hii haikauki kwa jua wala kwa upepo. Hukauka kwa unyevu. Fundi huifungia kalamu kwenye kabati lenye hewa ya maji, unyevu wa asilimia 70 hadi 85, ili utomvu uvute hewa na kushikamana. Anapaka safu nyembamba, anasubiri, anasugua kwa mkaa laini, anapaka tena. Hewa ya Mombasa wakati wa masika ingemfaa kuliko Januari ya Gilgil. Wachina wanaochonga laka nyekundu hupaka safu makumi kwa makumi, nyingine zikizidi mia, kabla kisu hakijagusa kitu. Kazi hiyo si ya jana: kule Hemudu, mashariki mwa China, lilichimbuliwa bakuli la mbao lililopakwa laka nyekundu, lenye umri wa takriban miaka 7,000.

Ukitaka kujua weusi wa laka ya kweli ulivyo, huna haja ya kwenda Asia. Panda hapo Kariandusi, karibu na bucha zetu, utazame mashoka ya mawe ambayo Louis Leakey aliyachimbua mwishoni mwa miaka ya 1920. Mengine yamechongwa kwa lile jiwe jeusi la volkeno linalong'aa kama kioo. Liangalie juani: mwanga hauishii juu, huonekana kuzama kidogo ndani kabla ya kurudi. Laka hufanya hivyo hivyo. Rangi ya kupulizwa huurudisha mwanga papo hapo, kama sufuria mpya.

Na kalamu iliingiaje humo? Kwa shida ya kawaida kabisa. Kalamu za wino za miaka ya 1920 zilitengenezwa kwa eboniti, yaani mpira uliopikwa na salfa hadi ukawa mgumu, na eboniti ikipigwa na jua hupauka na kuwa ya kahawia. Kampuni ya Namiki ya Japani, iliyoanzishwa 1918 na ambayo leo ni Pilot, iliamua kuzipaka laka ili zisipauke. Walipoona zinapendeza, wakawaita mafundi wa kuchora kwa unga wa dhahabu. Mwaka 1930 wakafanya mkataba na Dunhill wa London, na kalamu zao zikauzwa Ulaya. Mmoja wa mafundi hao, Gonroku Matsuda, baadaye serikali ya Japani ilimtunuku heshima ya kuwa hazina hai ya taifa. Ufaransa nako, S.T. Dupont walikuwa wakipaka laka vitu vyao katika miaka hiyo ya 1930. Nayaeleza haya ili usishangae ukikuta joka la Kichina, limechorwa na Mjapani, juu ya kalamu yenye jina la Kizungu. Picha zilisafiri kutoka China.

Sasa picha, na hapa naomba tukae kidogo, maana hapa ndipo watu hukosea zaidi kuliko kwenye bei.

Mama wa Mombasa haondoki dukani na leso kabla ya kusoma jina lake. Maua yanaweza kuwa mazuri namna gani, rangi ikawa ile ile aliyoitafuta, lakini jina likiwa la kumsuta mtu, leso hiyo haiendi kwa mama mkwe. Picha za Kichina ni leso isiyo na maandishi: jina limo ndani ya mchoro. Kichina kina maneno mengi yenye sauti moja, na wachoraji wao wamecheza na sauti hizo kwa karne nyingi. Popo huitwa *fu*, na baraka pia ni *fu*, basi popo akichorwa, baraka imeandikwa. Popo watano ni baraka tano: umri mrefu, mali, afya, kupenda wema na kufa kwa amani. Samaki ni *yu*, sauti ile ile ya ziada, kile kinachobaki ghalani baada ya watu kushiba. Kulungu ni *lu*, kama mshahara wa mtumishi wa serikali. Chupa ya maua ni *ping*, na amani ni *ping*. Kwa hiyo kalamu yenye chupa ya maua si pambo la sebuleni, ni dua.

Ila dua ya mmoja ni balaa ya mwingine. Hebu mpelekee rafiki wa Pemba kalamu ya popo watano wa dhahabu. Atakumbuka jini Popobawa na zile siku za 1995 watu walipokuwa wakilala nje kwa hofu, na hutamaliza kumweleza habari za Kichina kabla hajakurudishia kisanduku. Kobe kwetu ni mwerevu wa hadithi na kwao ni umri mrefu, lakini jina lake hutumika pia kwenye matusi yao makali, kwa hiyo kwa Mchina nisingempa. Bata wawili waliokaribiana ni mume na mke; usimpe mkubwa wako wa kazi asiye na mke, wala usimpe aliye naye. Korongo na msonobari ni maisha marefu, na hao wanamfaa mzee yeyote, awe wa Beijing au wa Bahati. Peoni, lile ua nene lenye petali nyingi, ni utajiri na cheo. Yungiyungi ni usafi wa moyo, kwa kuwa hutoka kwenye tope bila kuchafuka.

Joka ndilo linalouzwa zaidi na ndilo linaloeleweka kidogo zaidi. Si yule nyoka mkubwa wa hadithi zetu anayedai wasichana kisimani. Kwa Wachina ni mwenye mvua na mito, na ni ishara ya mfalme. Hesabu kucha zake: joka la kucha tano lilikuwa la mfalme mwenyewe, wakuu wa chini yake wakachora nne, na Wajapani kwa kawaida huchora tatu. Kucha tatu kwenye kalamu inayosemekana ilichorwa China hazithibitishi uongo, lakini muulize muuzaji swali la pili.

Kuna mnyama mwingine, mwenye magamba, kwato na pembe, ambaye wauzaji wengi humwita joka kwa kutojua. Huyo ni *qilin*, mnyama wa heri anayesemekana huonekana enzi ya mfalme mwadilifu. Huyu ana undugu nasi. Mwaka 1415, wakati wa safari za merikebu za amiri Zheng He, wajumbe wa Malindi walifika na twiga mbele ya Mfalme Yongle, na maofisa wa jumba lake wakamsifu kuwa ndiye *qilin* mwenyewe. Sarafu ya enzi ya mfalme huyo huyo imewahi kuchimbuliwa Mambrui, karibu na Malindi, na nyingine kisiwani Manda mwaka 2013. Kwa hiyo kama unatafuta zawadi ya kumpa Mchina kutoka kwa Mkenya, isiyohitaji maelezo marefu, mtafute *qilin*. Kisha mpeleke Soysambu, ng'ambo ya ziwa letu la Elmenteita, umwonyeshe jamaa za yule wa Malindi wakila majani ya mgunga.

Nirudi kwa kijana na samaki wake. Yule alikuwa kapi, samaki yule yule aliyeonekana Ziwa Naivasha karibu na mwaka 2001 na baada ya muda mfupi akajaa kwenye nyavu kuliko perege. Tunamla amekaangwa bila kumpa heshima yoyote. Wachina wanasimulia kwamba kapi hupanda Mto Manjano hadi kwenye Lango la Joka, na yule anayeweza kuruka maporomoko hugeuka joka. Tangu zamani hadithi hiyo ilikuwa ya mwanafunzi aliyefaulu mitihani ya kuingia utumishi wa mfalme. Nikamuuliza, "Mlipokuwa pamoja, ulifanya mtihani wowote?" Akacheka. Alikuwa amemaliza diploma yake ya upimaji kwa masomo ya jioni, na mkubwa wake ndiye aliyekuwa akimruhusu kutoka mapema siku za mitihani.

"Basi hii si zawadi, ni barua," nikamwambia. "Inasema umeruka lango. Ukimpelekea baba mkwe, utakuwa unampongeza mzee wa miaka sabini kwa kufaulu mtihani."

Kabla ya kuacha mambo ya desturi, machache ya haraka. Toa na upokee kwa mikono miwili. Usishangae Mchina akiiweka zawadi kando bila kuifungua mbele yako, hiyo ni adabu. Namba nane inapendwa kwa kuwa sauti yake inakaribia neno la kutajirika, ndiyo maana kampuni hata za Ulaya hutoa matoleo ya kalamu 88 au 888. Nne inakwepwa kwa kuwa inafanana na neno kifo. Usifunge zawadi kwa karatasi nyeupe. Na hata ukipewa kalamu nzuri namna gani, usiandike jina la Mchina kwa wino mwekundu. Sisi walimu tumezoea wino huo bila kufikiri, lakini kwao jina lililoandikwa kwa nyekundu linanuka kaburi.

Haya, utajuaje kama ni ya kweli? Rudi kwenye desturi ya bucha: angalia nyama, usiangalie kibao cha juu. Chukua kioo cha kukuzia, au kamera ya simu iliyosogezwa karibu, uutazame mstari mmoja wa dhahabu. Mchoro wa mkono hufanywa kwa kuchora kwa laka kisha kunyunyiza unga wa dhahabu kabla haijakauka. Utaona chembechembe zisizolingana, mstari ukinenepa mahali na kukonda mahali, na ukipitisha ukucha polepole huenda ukahisi umeinuka kidogo. Mchoro wa mashine una vitone vilivyopangwa kama askari wa gwaride, na picha ya kubandika ina ukingo, mara nyingi karibu na uzi wa kifuniko. Kombe la kweli hubadilika rangi ukiligeuza, kutoka kijani kwenda waridi. La plastiki humetameta vile vile pande zote. Fundi mwenye jina hutia sahihi yake ndogo, aghalabu na muhuri mwekundu. Lakini sahihi nayo huchapwa, usiiamini peke yake.

Kisha fungua kalamu utazame nibu. 585 ni dhahabu ya karati 14, 750 ni ya karati 18. Nibu ya chuma si dhambi. Nyingi huandika vizuri kuliko za dhahabu za watu wenye majivuno. Dhambi ni kulipia dhahabu ukapewa chuma kilichopakwa. Na kalamu nzito ya shaba nyeupe iliyopulizwa rangi, yenye joka la bati kwenye kifuniko, ambayo kisanduku chake kimeandikwa "laka", usiitupe. Ni kalamu ya kawaida yenye koti la kawaida. Kizazi changu kiliandika insha kwa kalamu za Hero kutoka Shanghai, hazina pambo lolote, na nyingine zinaandika hadi leo. Ila usiilipie utomvu wa mti ambao hukupewa.

Kuhusu bei nitasema wazi. Kwa mamia ya shilingi au elfu chache utapata hiyo ya shaba. Kwa makumi ya elfu utapata ya Kijapani yenye nibu ya dhahabu na mchoro uliosaidiwa na mashine, kazi safi ambayo wengi wangeiridhia. Kazi ya mkono mtupu, ya miezi, huanzia laki na kupanda hadi mamilioni. Ukiagiza kutoka nje, kumbuka bei ya kwenye simu si bei ya mlangoni: kuna ushuru wa forodha, VAT ya asilimia 16 na ada nyingine, na afisa wa forodha hatavutiwa na habari za popo. Mimi niliwahi kuagiza iliyosemekana ni ya mkono, kutoka kwa muuzaji ambaye sasa hapatikani. Ilikuja na vitone vya gwaride. Sikuwa nimeomba picha ya karibu, niliomba punguzo.

Jina la kampuni halitakuokoa, ingawa linasaidia. Nina udhaifu wangu kwa Pelikan wa Ujerumani, na sababu yake ni ya kitoto. Ukisimama barabarani hapa juu ya Elmenteita asubuhi, unawaona mwari weupe wakipanda na hewa ya joto kwa mizunguko, wakitoka kwenye visiwa vya mawe wanakozaliana kwenda kuvua samaki kwingine. Kampuni hiyo iliandikisha picha ya mwari na makinda yake kuwa alama yake ya biashara mwaka 1878. Sijui ningeipenda hivyo kama ningekuwa nimezaliwa Garissa.

Neno kwa walio serikalini: kisanduku chekundu kinaweza kuwa mzigo. Ibara ya 76 ya Katiba inasema zawadi anayopewa afisa wa serikali katika hafla ya umma au ya kikazi ni ya Jamhuri, isipokuwa sheria imeiruhusu. Kama mwenye kukupa anasubiri sahihi yako kwenye zabuni, usiulize joka lina kucha ngapi. Iandikishe ofisini, au mrudishie kwa mikono miwili ile ile.

Nimefika kwenye matunzo, na sasa nieleze ile tishu. Pale Kariandusi huchimbwa diatomaiti, ule udongo mweupe laini uliotokana na mabaki ya viumbe vidogo vya ziwa la kale. Kila chembe yake ina kioo, ndiyo maana udongo wa aina hiyo hutiwa kwenye dawa za kung'arishia vyuma. Vumbi la huku kwetu lina udongo huo. Ukifuta kalamu ya laka kwa tishu iliyolala mezani kando ya barabara, unaipiga msasa. Pulizia kwanza, kisha upitishe kitambaa laini cha pamba kilichofuliwa mara nyingi, fulana kuukuu ni bora, bila kukandamiza. Usitumie dawa ya meno hata kama jirani ameapa kwamba hung'arisha. Dawa ya kuua viini vya mikononi pia iache: laka iliyokauka inaweza kuistahimili, lakini koti la rangi la kalamu ya bei nafuu laweza kulainika.

Jua ndilo lililonimalizia ile moja niliyoitaja. Niliiacha juu ya dashibodi, tukala, tukazungumza siasa, tukaagiza kilo nyingine. Sikuona kitu siku hiyo, nami nikaendelea na tabia hiyo kwa miezi. Weusi ukaanza kupoteza kina, ukawa wa kijivu kama macho ya mbwa mzee, upande mmoja tu, ule uliokuwa ukitazama kioo. Laka inavumilia maji, tindikali na pombe kwa miaka elfu, lakini jua la Bonde la Ufa huila polepole. Iweke kwenye mfuko wa kitambaa, ndani ya mkoba, chini ya kiti.

Maji yetu nayo yana lake. Tunajuana kwa meno ya kahawia, kwa sababu ya floraidi na madini mengine ya visima vya huku. Maji hayo yakikauka ndani ya kalamu huacha ukoko mweupe unaoziba njia ya wino. Osha kalamu kwa maji ya mvua, au ya chupa ukikosa, yawe baridi au vuguvugu, kila baada ya wiki chache na kila unapobadilisha wino. Wino uwe ule wa kawaida wa chupa wa kalamu za wino. Wino mweusi mzito wa wachoraji, wenye masizi na gundi, utaifunga kalamu kama saruji.

Ukisafiri kwa ndege kutoka Mombasa, ambako uko usawa wa bahari, ukaja huku kwetu mita 2,000 hivi juu, hewa iliyobaki ndani ya kalamu hutanuka na kuusukuma wino nje. Ibebe ikiwa imejaa kabisa au tupu kabisa, nibu ikitazama juu. Nusu kalamu ndiyo inayoharibu shati.

Basi mbuzi akaletwa kwenye ubao, na kalamu ikarudi kisandukuni. Tulikula. Tulinawa kwa sabuni mara mbili, kwa sababu mafuta ya mbuzi wa Kikopey hayaishi kwa mara moja. Ndipo nikatoa chupa yangu ya wino wa buluu, nikamwonyesha jinsi ya kuzamisha nibu hadi shingoni na kuzungusha pampu polepole. Akageuza risiti ya bucha, akaandika jina lake. Wino ulikwama kwenye herufi ya kwanza, ukaja kwenye ya pili. Akaliandika tena, akajaza risiti yote, akaniomba karatasi. Bei hakuniuliza tena. Kwa baba mkwe nilimshauri apeleke blanketi zito, maana Njabini kuna baridi.

Wiki tatu baadaye alinipigia simu. Blanketi lilipokelewa vizuri. Ilipofika wakati wa kuorodhesha mahari, biro ya karani wa upande wa pili ikagoma, kijana akatoa kapi wake ili asaidie. Mzee aliishika, akaigeuza mwangani, akajaribu sahihi yake pembeni mwa karatasi, kisha akasema ataandika orodha mwenyewe. Kalamu ilimkaa mkononi vizuri mno, Mwalimu, kijana akaniambia. Mzee hakutaka kuiweka chini, na mbuzi wakaongezeka wanne.